Rili Mbili Ndani ya Begi Lako

Esther,

Nimekasirika, na ni afadhali ulijue hilo mapema. Nimekasirika tangu Jumapili. Nimesuka vichwa vya watu wiki nzima nikiwa nimekasirika, na wateja wawili wamelalamika kwamba siku hizi nawavuta sana. Umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, nami nimefunga saluni mapema, nimekaa kwenye kiti cha wateja, naandika juu ya magoti. Kesho asubuhi unapanda basi la Johannesburg kwenda kukaa kwa Mama Mdogo Béatrice na kuuza makava ya simu dukani kwake.

Sitakuandikia habari ya sweta, wala ya kuficha simu ndani ya taxi, wala ya kusali kabla ya kulala. Hayo nimeyasema mpaka siku hizi unayamalizia wewe kabla sijafunga mdomo. Barua hii ni ya mshipi wa kuvulia samaki. Usicheke. Isome yote, tena uisome kabla basi halijafika Mooi River, kwa sababu likishapita pale haitakuwa na kazi tena.

Jumapili baada ya ibada, Mama Béni alikuomba umshikie upande mmoja wa sufuria ya wali. Ukamwambia, "Mama Béni, ita mutu mwingine. Mukono yangu haiko na nguvu. Hata kule lodge balinirudisha juu ya hii mukono." Ulisema huku unacheka, kama mtu anayetaja namba ya kiatu chake. Wamama wakacheka. Mama Béni akasema, "Pole, ma fille, kila mutu na ya kwake," na mimi nikashika sufuria badala yako. Niliishika mpaka ikaniunguza vidole. Una miaka kumi na tisa na umeshajigawia mkono mbovu wa maisha yako yote, na unautangaza mbele ya sufuria ya wali.

Mkono wako hauna ubaya wowote. Najua, kwa sababu mimi ndiye niliyeuharibu kwa siku moja. Nitaeleza jinsi nilivyofanya, lakini lazima nianzie kwa baba yako, maana hasira hii ni ya zamani kuliko unavyodhani.

Nimekusimulia mabaya mengi ya baba yako, na mengi ni ya kweli, lakini hili sikuwahi kukuambia. Unajua kwamba tulipofika Durban alipata kazi stoo, kwenye duka la vifaa vya kuvulia. Mwanzoni alikuwa akienda Bluff na watu wa bandarini, wanavua baharini kwa fimbo ndefu na chambo cha dagaa. Halafu wateja wa duka wakamwonyesha uvuvi mwingine, huu wa samaki aitwaye bass, kwenye mabwawa, kwa ndoano iliyovishwa manyoya ifanane na mdudu au chura. Siku ya kwanza aliponipeleka kwenye bwawa la Inanda nikaona ule mshipi unavyofunguka hewani nyuma yake, halafu unarudi mbele polepole na kulala juu ya maji, nilisahau kwamba nimebeba chakula. Nilikuwa nasimama siku nzima nikiangalia visogo vya watu. Nikakitaka kitu kile. Nikamwambia, "Papa Esther, na mimi nifundishe."

Akanifundisha. Akaniletea fimbo ya namba nane ambayo mteja alikuwa ameirudisha dukani, na rili nyeusi, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, ambayo tayari alishaifunga mshipi. Nikaanza kurusha. Mshipi ukaanguka miguuni pangu. Nikarusha tena, ukanizunguka shingoni. Mwaka mzima, Esther. Kila Jumatatu, saluni ikiwa imefungwa, wewe ukiwa shuleni, mimi nasimama kando ya maji napiga hewa kama mtu anayefukuza nyuki, na baba yako na rafiki zake wawili wamekaa nyuma yangu. Rafiki mmoja alikuwa akisema, "Papa Esther, bibi yako anapeleka salamu kwa nani?" Na baba yako anajibu, "Muache tu. Ule mukono ni ya kusuka nywele."

Unajua mimi nilifanya nini? Nilicheka pamoja nao. Nikirudi nyumbani najipaka dawa ya misuli bega zima. Asubuhi nikiwa peke yangu nainua chupa za mafuta ya kupikia, mara thelathini mkono wa kulia, ili mkono upate nguvu. Mwanamke anayesuka vichwa vinne kwa siku, anayeng'oa mafundo ambayo wengine wameyakimbia, anainua chupa za mafuta kwa sababu mume wake amesema hana mkono. Nikikumbuka zile chupa ndipo natamani kumpigia simu hata leo nimtukane.

Aliyenifungua macho ni yule mama wa Kihindi kutoka Chatsworth, Aunty Savi, ambaye baadaye alikuwa akikupa biskuti. Alikuwa akija na kiti chake cha kukunja na chupa yake ya chai, anavua peke yake, hazungumzi na mtu. Siku moja alinyanyuka, akaja mpaka niliposimama, akashika mshipi wangu kwa vidole viwili, akausugua kama mtu anayepima kitambaa.

"Nani amekufungia huu mshipi, my girl?"

"Mume wangu."

"Anafanya kazi gani?"

"Iko kwenye duka la mambo ya samaki."

Aliangalia kule walikokuwa wamekaa akina baba yako, akaangalia kwa muda. Halafu akafungua rili yangu, akafungua ya kwake, akaifunga ya kwake kwenye fimbo yangu. Haikuchukua hata dakika mbili. Akaniambia, "Fanya vilevile ulivyokuwa unafanya. Usibadilishe kitu."

Nikafanya vilevile. Fimbo ikajikunja mkononi mwangu kwa mara ya kwanza, nikausikia uzito wa mshipi ukivuta nyuma, nikapeleka mbele, na ile ndoano ikavuka majani yote ikaenda kutua kwenye maji meusi upande wa pili. Mkono uleule, bega lilelile. Nililia pale, na Aunty Savi akajifanya anatafuta kitu ndani ya mfuko wake.

Fimbo ina namba, imeandikwa juu kidogo ya kishikio, umeiona mara elfu na hukuwahi kuniuliza ni ya nini. Mshipi nao una namba. Katika uvuvi huu ndoano haina uzito wa kujipeleka popote, ni manyoya tu. Mzito ni mshipi. Mshipi ndio unaoikunja fimbo, na fimbo ikijikunjua ndiyo inayotupa. Fimbo ya namba nane inataka mshipi wa namba nane. Ukiifunga mshipi wa namba tano, mwembamba, wa samaki wadogo wa mtoni, fimbo haisikii kitu, inabaki imenyooka, na wewe unapiga hewa. Baba yako alikuwa akipanga mishipi ile kwenye rafu kwa namba zake kila siku ya Mungu. Aliponifungia wa namba tano hakukosea.

Nilimuuliza siku ileile jikoni. Akasema, "Donc, basi nini? Ilikuwa muchezo tu, Mama Esther. Nilitaka ujifunze kwa nguvu." Nikamuuliza, mchezo wa mwaka? Akasema, "Ungeweza tangu mwanzo, mimi ningekufundisha nini?" Alisema kweli, na sikumwelewa mpaka mwaka huu. Alipokwenda Cape Town na yule mwanamke, watu wa kanisa walikuja kunipa pole, nami nikawapokea, nikapika chai. Lakini mimi nilikuwa nimeshammaliza moyoni kwa ajili ya mshipi.

Na ule mshipi niliuweka. Hapa sasa ndipo penye ubaya, kaa vizuri. Nilipata rili nyingine, mfano uleule, nyeusi, nikaifunga mshipi wa namba nane ambao Aunty Savi alinichagulia. Ile ya baba yako niliitia ndani ya soksi, nikaiweka juu ya kabati nyuma ya mabegi. Mtu mwenye akili angeitupa. Mimi nilikuwa naishusha mara mojamoja, naifuta vumbi, naiangalia ili nisisahau kukasirika. Mishipi yote miwili ni ya kijani, na kwa macho haitofautiki.

Halafu nikakufundisha wewe. Ulikuwa na miaka kumi. Tulianzia kwenye nyasi za bustani kule Berea, tumefunga kipande cha sufu nyekundu mwisho wa mshipi, na wanafunzi waliokuwa wanapita wakiuliza tunavua nini kwenye majani. Unakumbuka ulivyomjibu mmoja? "Tunavua wewe." Nilikucharaza kwa jicho na moyoni nikafurahi. Baadaye tukaenda Inanda. Tulitengeneza nzi wetu wa bandia wenyewe hapa saluni, kwa mabaki ya nywele za kusukia, na vyura wetu kwa kandambili zilizokatika. Wewe ndiye uliyegundua kwamba nyuzi za gitaa la kwaya zikikatika zinafaa kuwekwa mbele ya ndoano ili isinase majani. Nilijivunia jambo hilo wiki nzima, nikamwambia kila aliyekaa kwenye kiti hiki.

Lakini angalia nilichokuwa nafanya. Kila Jumatatu ya likizo, na kila Jumamosi niliyoiba kazini, mimi ndiye niliyeunga fimbo. Mimi nilifunga rili, nilipitisha mshipi, nilipima nailoni ya kuunganisha mshipi na ndoano, nilichagua chura. Nikishamaliza nakukabidhi, kama mtu anavyomkabidhi mtoto chai iliyokwisha kupozwa. Miaka tisa. Nilikufundisha kurusha vizuri kuliko watu wote niliowahi kuwaona, na sikukufundisha kuchagua hata uzi. Nilikuwa nasema nakurahisishia. Kumbe nilitaka kila mara unyooshe mkono kwangu.

Ulipofika miaka kumi na sita ulinishinda. Ilikuwa karibu na ule mti uliokufa ndani ya maji. Mimi nilirusha mara tatu nikapungukiwa, na wewe ukanyanyua tu, ukaweka chura kwenye tawi lenyewe, ukamvuta akaanguka kama anajitupa kwa hiari yake. Ukasubiri mpaka viduara vya maji vikaisha. Bass akamchukua kwa kelele. Nikapiga makofi. Na wakati napiga makofi sauti ikasema ndani yangu, sasa huyu mimi nitamfundisha nini. Niliisikia wazi. Nikajifanya sikuisikia.

Mwaka huu ndipo Sis' Thandeka, yule msimamizi wa lodge ya wageni karibu na Mooi River, akakuona Inanda, akakupa namba yake. Akakuambia wanatafuta mtu wa kuongoza wageni kwenye mabwawa yao, chumba kipo, chakula kipo, njoo Jumamosi tukuone unavyorusha. Ulirudi saluni unacheza mbele ya wateja. "Mama, banalipa mutu kuvua samaki! Banalipa!" Na mimi nikasema vizuri, Mungu ni mkubwa, nikaendelea kusuka, na yule mteja akaniambia, Mama Esther, unaniumiza.

Nilikuwa naogopa, Esther. Sitapamba. Niliogopa nyumba bila wewe, niliogopa kukaa hapa Overport na redio. Niliogopa barabara ile, na wanaume wale wa lodge, na makaratasi yetu ya kuishi nchi hii ambayo kila mara yanahitaji kwenda kupanga foleni. Hayo yote yalikuwa ya kweli na ningeweza kukuambia ukanielewa. Badala yake, asubuhi ya Jumamosi ile, wewe ukiwa bafuni unaimba, nilipanda juu ya stuli, nikashusha soksi ya baba yako, nikatoa rili yake na kuifunga kwenye fimbo. Yetu nikaitia ndani ya soksi. Halafu nikakukaangia mayai.

Ndiyo. Ni mimi. Sasa umejua.

Nilisimama pale kando ya bwawa lao na nikaona kila kitu. Ulirusha mara ya kwanza, ikaanguka miguuni pako. Ukavuta pumzi, ukarusha tena. Upepo haukuwepo hata kidogo, maji yalikuwa yametulia kabisa, huwezi kusema ni upepo. Mara ya nne ukaanza kutumia bega, mara ya tano ukaanza kuruka na miguu. Yule kijana wa lodge mwenye kofia akasema kwa Kiingereza, hana mkono huyu, na mwenzake akacheka. Na wewe ukacheka pamoja nao. Niliposikia kicheko chako nilikitambua, kwa sababu ni changu. Nilikuwa na nafasi ya kufungua mdomo wakati ule. Hatua kumi tu zilitutenganisha. Nikashika mkoba wangu vizuri zaidi.

Thandeka alikuambia, "Nenda kafanye mazoezi, dada, tutaonana." Ndani ya taxi ulilia mpaka Maritzburg. Nikakukumbatia, nikakuambia maneno ambayo nitakufa nayo: "Wacha kulia, mwanangu. Haiko kazi ya kila mutu." Ukasema, "Mama, mukono yangu haiko na nguvu." Na mimi, mama yako, ambaye nilikuwa najua, nikasema, "Tutaona."

Ukaingiza fimbo chini ya kitanda. Hukuigusa tena. Nilitaka ubaki, na kwa wiki mbili nilifikiri nimefaulu. Halafu ukampigia simu Mama Mdogo Béatrice, ukaomba nafasi dukani, na sasa unakwenda mbali mara tatu kuliko lodge, kufanya kazi usiyoipenda, ukiwa umebeba mkono niliokudanganya kwamba ni mbovu. Hata uovu sikuuweza. Baba yako angalau alipata mwaka mzima wa kicheko.

Sasa na wewe nikuambie, maana hasira yangu haijaisha na wewe una fungu lako. Kwa nini hukuiangalia fimbo? Ulirusha mara saba. Fimbo ilikuwa imenyooka kama ya bendera, umeishika miaka tisa, unajua inavyojikunja. Ungesimama ukasema, ngojeni, kuna kitu hapa. Ungefungua, ukasugua mshipi kwa vidole, ukaniuliza, Mama, umefunga nini? Ningekufa pale kwa aibu na ingekuwa haki. Lakini wewe ulipoulizwa kosa liko wapi ulijinyooshea kidole mwenyewe, haraka, kama mtu anayewahi kiti. Inaniuma kwamba ulijifunza hilo kwangu, na sijui nilikufundisha siku gani.

Kwa hiyo nikufundishe leo nilichokuwa nakificha. Ukipewa fimbo na mtu yeyote, hata akikupenda, soma namba yake kabla hujashukuru. Halafu shika mshipi. Usiangalie rangi, rangi haina maana, shika ile sehemu ya mbele, mita kama kumi za kwanza, uzungushe katikati ya kidole gumba na cha shahada. Wa bass ni mnene na unene wake umejaa mbele, kwa sababu unabeba chura mkubwa anayeshika upepo. Wa namba tano utausikia unapotea vidoleni. Kama bado una shaka, nenda kwenye nyasi, rusha mita kumi, na mtu akuangalizie fimbo, siyo ndoano. Isipojikunja mpaka katikati, badilisha mshipi. Usiende kuinua chupa za mafuta.

Nailoni yako iwe fupi, urefu wako na kidogo juu, na iwe nene. Wale wa samaki wa mtoni watakuambia bass ataiona. Bass akiwa na njaa haangalii uzi, na akishaingia kwenye majani ndipo utajua kwa nini nilikataa zile nyembamba. Kwa bwawa dogo lisilo na upepo fimbo na mshipi wa namba sita vinatosha, na mkono hautachoka. Namba nane ni ya vyura wetu wakubwa na ya siku mbaya. Na bass akishika ndoano usinyanyue fimbo juu kama wanavyofanya kwenye picha. Vuta mshipi kwa mkono wa kushoto mpaka umsikie mzito, ndipo unyanyue. Hilo la mwisho unalijua, nimeliandika kwa sababu napenda unavyolifanya.

Jana nilimpigia Sis' Thandeka. Nilitoka nje, nikasimama karibu na robot, zile taa za barabarani, ili wateja wasisikie, nikamwambia yote. Kwamba siku ile nilikufungia mshipi mwingine makusudi.

"Eish, Mama," akasema. "Mtoto wako mwenyewe?"

Nikasema ndiyo.

"Na kwa nini unaniambia sasa?"

Nikamwambia kwa sababu umekataa kushika sufuria. Hakuelewa, na sikuwa na namna ya kumweleza. Halafu akasema, na alisema kwa ukali, na nilishukuru kwa ule ukali, kwamba bado hajampata mtu anayemfaa. Basi lako linasimama Mooi River kwenye kituo cha mafuta, watu wanashuka kujinyoosha na kununua chai. Yeye atakuwa pale na gari jeupe la lodge. Atasubiri mpaka basi liondoke, dakika moja zaidi hatasubiri. Ukishuka na fimbo yako atakupeleka bwawani mchana huohuo. "Lakini aifunge mwenyewe," akasema. "Wewe Mama usiguse kitu."

Kwa hiyo hivi ndivyo ilivyo. Fimbo imo ndani ya bomba lake, nimeifunga pembeni ya begi, na ukiamka utaiona ukasirike, unikasirikie kabla hujajua sababu. Vyura sita wako kwenye kopo la mafuta ya nywele. Rili zote mbili ziko chini kabisa, chini ya sweta, kila moja ndani ya soksi. Sikuandika ipi ni ipi. Nilishika kalamu nikataka kuchora alama ndogo, hata nukta tu, halafu nikaiweka kalamu chini. Utashika mishipi yote miwili mwenyewe na utajua. Ile nyingine uitupe, au uiweke, mimi sitaki kuiona tena nyumbani kwangu.

Béatrice nimeshamwambia kwamba huenda usifike. Amenifokea pia. Wiki hii kila mtu ana haki ya kunifokea, na wewe kuliko wote. Sikuombi unisamehe kwenye karatasi. Nipigie unifokee kwa mdomo wako, nitapokea hata kama nina kichwa cha mtu mkononi. Kesho asubuhi sitakuambia lolote. Nitakupa bahasha hii kwenye mlango wa basi, utadhani ni maneno ya Mungu na hela ya soda, na nitaondoka kabla hujaifungua, kwa sababu nikikuona ukiisoma nitaanza kujitetea.

Sijui utafanya nini Mooi River, na kwa mara ya kwanza siko karibu kukupangia. Ukishuka, shuka kwa miguu yako yote miwili. Usiposhuka, nenda ukauze makava, uyauze vizuri, wala sitasema neno. Lakini huko kokote utakakokuwa, Esther, mtu akikuomba umshikie sufuria, mshikie.

Mama yako